Kiti cha Nyuma

Miaka tisa niliutazama mgongo wa Mejumaa.
Uso wake mtaelezwa na wengine,
waliompiga picha jukwaani akiing'ata medali.
Mimi nilikaa nyuma.
Nalijua kovu chini ya bega la kushoto,
nalijua jasho linapochipuka shingoni,
linavyoshuka kwa kusita
kama mgeni anayetafuta mlango Mji wa Kale.

Kayaki ya kwanza tulipewa na hoteli iliyofungwa:
ya manjano, pana kama kitanda, ya kubebea watalii,
tumboni imezibwa kwa lami na kipande cha ndoo.
Tukaishusha hori la Tudor alfajiri
kwa ratiba ya maji, si ya saa.
Bamvua likija, mbio, kabla hayajapwa;
maji mafu, tunapata hata nafasi ya kugombana.
Tukichelewa, ni tope hadi mapajani, chombo kichwani,
na waokota kombe wanatucheka mikokoni:
"Mbio zote hizo, wanangu, na hamrudi hata na dagaa!"

Chengo, kocha wetu, alikuwa karani wa makontena Kilindini.
Hakujua kuogelea. Alijua kuhesabu.
Vidumu viwili vya mafuta ya kupikia, kamba ya meli katikati,
mita mia mbili, hazikuzidi wala kupungua.
"Mapigo tisini na sita," alisema. "La tisini na saba ni la woga."
Mejumaa aliitika kwa bega.
Mimi nilimwitika Mejumaa.

Hivyo tu. Akichoma maji, nachoma.
Akivuta, navuta.
Tukashinda nyumbani, tukashinda kwa majirani,
tukachukua dhahabu ya bara zima kwenye ziwa la ugenini
ambako Mejumaa aliyaonja maji, akatema:
"Hayana chumvi haya. Hayabebi mtu."
Yakatubeba.
Tuliporudi, Mikindani nzima ilitoka na vigelegele,
na mheshimiwa mmoja akaahidi kayaki mpya.
Ahadi ile ingali njiani.

Kisha ile fainali kubwa.
Wa nne.
Sehemu nne za mia za sekunde moja.
Nimeutafuta muda huo jikoni, nimeutafuta sokoni Kongowea
kati ya mkono wa muuzaji na chenji yangu.
Haumtoshi mtu kusema bismillahi;
haumtoshi hata ile b,
midomo ikiwa bado imefungana.
Magazeti yakasema: bega la Mejumaa.
Mejumaa akasema: naam, bega,
akalifunga bandeji mbele ya kamera.
Nami nikanyamaza,
kwa kuwa pigo la sabini na moja
kafi langu lilikamata povu badala ya maji.
Pigo moja. Nikalificha miaka sita.

Bega likaja kuuma kweli,
kana kwamba lilisikia likiitwa.
Akastaafu bila sherehe.
Mchana anakata risiti kivukoni Likoni,
jioni anawafunza watoto wa Junda
kupinduka, kuibuka, kutema, kurudia.

Juzi kanipigia: maji yanajaa, njoo.
Nikamkuta ameishika ile ya manjano, lami mpya tumboni.
"Leo kaa mbele, Umazi."
"Mejumaa, kuna jambo mimi..."
"La sabini na moja," akasema. "Nililisikia kiunoni, palepale. Kaa."

Nikakaa.
Mbele yangu hapakuwa na mgongo.
Palikuwa na maji, na vidumu viwili vilivyopauka,
na mtoto mmoja juu ya ukuta, anakula embe bichi, anatungoja.
Sikujua pa kuyaweka macho.
Nikapiga la kwanza, likaenda kombo.
Nyuma yangu Mejumaa akacheka,
akapiga lake
kombo vilevile.